Hadubini ya fundi simu kwa kazi ya nzi wa matunda: tathmini yangu kutoka Mtwara

Ninayoizungumzia ni ile hadubini ya macho mawili ambayo mafundi simu huinamia wakichomelea vipande vidogo vya saketi. Haina jina la kampuni la kujivunia. Kibandiko cha ubavuni kinasema inakuza mara 7 hadi mara 45, basi. Niliinunua hapa Mtwara mjini, kwenye duka la vifaa vya mafundi mitaa ya nyuma ya Soko Kuu, kwa laki saba na nusu baada ya kuombana sana. Nimeitumia msimu mzima wa mabibo kwenye utafiti wa tabia za nzi wa matunda. Naandika kwa sababu vijana wengi wananiuliza kama kweli mtu anaweza kuanza kazi ya sayansi ya neva akiwa huku kusini. Jibu fupi: kama unafanya nzi, inunue. Kama unafanya minyoo, usitoe hela kabla hujafika kwenye sehemu ya taa hapo chini.

Nijieleze kidogo ili ujue anayesema ni nani. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa biolojia, mzaliwa wa Newala, nafundisha mwaka wa kwanza, na natafuta nafasi ya uzamivu. Walio kwenye ngazi hizi wananielewa. Bila uzamivu hupandi kuwa mhadhiri, na ukimwandikia profesa wa nje bila data yoyote ya kwako, barua yako inaungana na mamia ya barua nyingine zinazosema "nina shauku kubwa na ubongo". Kila mtu ana shauku. Video ya viluwiluwi vya nzi vikitambaa kuelekea harufu, uliyoipiga mwenyewe, hiyo wachache wanayo.

Mpango wangu wa kwanza haukuwa nzi. Nilitaka mnyoo mdogo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, kwa sababu ndiye mwenye mfumo wa neva unaoweza kuumaliza kuuhesabu: seli 302 tu za neva kwa mnyoo huntha (mwenye jinsia zote mbili), mwili wa milimita 1, na ngozi inayopitisha mwanga kiasi kwamba unaona mayai yakiwa ndani ya tumbo. Aliyemwingiza maabara ni Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, akiwa Cambridge miaka ya 1960. Ramani ya waya zake zote za neva ilichapishwa mwaka 1986, na Brenner akapata Nobeli mwaka 2002 pamoja na wenzake wawili. Nilisoma hayo yote nikiwa mwanafunzi, nikasema huyu ndiye wangu. Lakini mnyoo huyu anafugwa kwenye nyuzi joto 20, na ukivuka 25 uzazi unamharibikia. Njoo Mtwara mwezi wa kumi na mbili, umeme ukatike saa nane mchana, halafu uniambie hiyo 20 unaitoa wapi.

Nzi anavumilia zaidi. Anataka 25, na kwa joto hilo kizazi kinatoka yai mpaka nzi kamili kwa siku 10 hivi. Kwenye 30 madume wanaanza kuwa tasa, kwa hiyo naye si wa kuachwa dirishani. Mimi nawaweka kwenye boksi jeupe lile la kuhifadhia samaki na barafu, na chupa ya maji yaliyogandishwa pembeni, nabadilisha asubuhi na jioni. Kuna aliyenishauri magunia yaliyoloweshwa kama ya mtungi. Dodoma yangefanya kazi. Huku pwani hewa yenyewe imeshiba maji, gunia halipozi kitu.

Tena nzi huyu ni wa kwetu. Kundi la Marcus Stensmyr wa Chuo Kikuu cha Lund lilionyesha mwaka 2018 kwamba Drosophila melanogaster wa porini huko Zimbabwe anapenda kupita kiasi tunda la mng'ongo, na kwamba kipokezi chake kimoja cha harufu, Or22a, kinaitikia kwa nguvu harufu ya tunda hilo. Yaani mdudu aliyempa Thomas Hunt Morgan Nobeli ya mwaka 1933 kule Marekani asili yake ni misitu ya kusini mwa Afrika. Hapa kwetu huhitaji kumwagiza popote. Msimu wa korosho ukianza, mabibo yanaoza chini ya kila mkorosho kuanzia njia ya Naliendele mpaka Newala. Weka mawili kwenye chupa ya maji iliyokatwa, tengeneza karatasi iwe faneli juu, kesho unao.

Sasa dukani. Muuzaji, kijana mpole tu, alinitazama nilivyovaa akadhani nimekuja kumnunulia mtu.

"Madam, hii ni ya kuchomelea IC. Mzee yuko wapi?"

"Naitaka mimi, kaka. Nataka kuangalia nzi."

"Nzi?"

"Hivi vya mabibo."

Alicheka, lakini aliiwasha. Ushauri wangu wa kwanza kwa mnunuzi ni huu: usikubali kupimiwa kwa bodi ya simu peke yake. Bodi ya simu ni bapa na inang'aa, hadubini yoyote inaipendeza. Beba kitu chako. Mimi nilikuja na kichupa cha nzi waliolowekwa kwenye spiriti, nikawamwaga kwenye kifuniko cheupe cha chupa, na nilikuwa natafuta vitu viwili.

Cha kwanza, mistari ya Zaprionus. Huyu ni ndugu wa nzi wetu, yuko tele Afrika, na anaingia mtegoni pamoja na wengine. Ana mistari myeupe inayong'aa kama fedha kuanzia kichwani hadi mgongoni. Kama hadubini haikuonyeshi mistari hiyo ikiwa na kingo safi, iache dukani. Hii ilionyesha kwa mara 20 tu, wala sikuhitaji kuivuta zaidi. Yule kijana alipoangalia aliita mwenzake wa duka la jirani, na kwa muda hakuna mteja aliyehudumiwa.

Cha pili kigumu zaidi: kitana cha dume. Dume la Drosophila melanogaster lina safu ya vinywele vinene vyeusi kwenye miguu ya mbele, na hicho ndicho kinachokutoa wasiwasi wa yupi dume yupi jike pale tumbo la nzi mchanga bado halijapata rangi. Kwa mara 45 nilikiona kama kidoa cheusi kwenye mguu, kinatosha kutenganisha dume na jike. Ukifunga ile lenzi ya nyongeza ya 2x chini unafika mara 90 na unaanza kuona meno, ila kichwa cha hadubini kinashuka karibu sana na nzi, brashi yako haina pa kupita. Mimi lenzi hiyo iko kwenye droo. Ya 0.5x ndiyo naitumia, kwa sababu inakupa nafasi ya mikono miwili chini yake, na kazi ya nzi asilimia kubwa ni mikono: kusukuma, kugeuza, kutenga.

Na muda unao mfupi. Kwenye maabara zenye uwezo wanawalaza nzi kwa gesi ya kaboni dayoksaidi. Mimi nawalaza kwa barafu ya kule soko la samaki Feri, sahani ya bati juu ya barafu na karatasi juu yake. Wanalala, nawapanga, wanaamka. Hapo taa ya hadubini inaingia kwenye hesabu. Ile taa ya duara ya LED inayofungwa kwenye shingo inatoa mwanga mzuri sana, mweupe, hauna kivuli, lakini ukiiacha kwenye nguvu ya juu muda mrefu, na joto la chumba lilivyo, karatasi inaanza kupata moto na nzi wanaanza kupiga miguu kabla hujamaliza. Punguza mwanga. Lakini ukipunguza, kamera ya simu inaonyesha mistari myeusi inayotembea kwenye video, kwa sababu taa hizi za bei rahisi zinapunguzwa kwa kuwashwa na kuzimwa haraka haraka. Jicho halioni, kamera inaona. Kwa hiyo kupanga nzi, mwanga mdogo. Kupiga video, mwanga wa mwisho kabisa na sahani mpya ya barafu.

Nikija kwenye minyoo, shida ya hadubini hii ni kwamba fundi simu hana haja ya mwanga wa kutoka chini. Bodi haipitishi mwanga. Mnyoo wangu wa ndoto anapitisha, na ukimmulika kutoka juu kwenye sahani ya agari (jeli ya mwani) huoni kitu isipokuwa mng'ao wa agari yenyewe. Anahitaji mwanga unaotoka chini, tena wa kuinamishwa upande, ili kingo za mwili wake zitokeze. Stendi ya hii hadubini ina sahani ya chuma chini, mfu kabisa. Fundi seremala mmoja wa Chikongola alinitengenezea kisanduku cha mbao chenye kioo juu, ndani nikaweka kioo cha kujitazamia kilichoinamishwa kwa pembe na tochi ya LED pembeni, na kipande cha kifuniko cheupe cha ndoo kusambaza mwanga. Inafanya kazi. Nimewaona minyoo wa udongoni niliowatoa kwenye mabibo yaliyooza, wanaogelea vizuri tu, sijasema ni spishi gani. Lakini ukijumlisha kisanduku, lenzi, na tatizo la joto, kwa minyoo naipa nyota mbili na nusu kati ya tano. Kwa nzi naipa nne.

Nyota ya tano imepotelea kwenye kamera. Wanakuuzia kamera ya kufunga juu kwenye tundu la tatu, na boksi limeandikwa mamilioni ya pikseli ambayo ukiiangalia picha yenyewe huyaoni popote. Usilipie. Chukua hadubini peke yake, kisha funga simu yako kwenye jicho moja kwa kishikizo cha plastiki. Simu ya kawaida ya siku hizi inapiga picha bora kuliko ile kamera. Video nazihesabu kwa ImageJ, programu ya bure iliyotoka kwenye taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, kwenye kompyuta mpakato iliyochoka, na inatosha.

Kuna jambo ambalo lazima nilisema wazi kwa sababu nimeshapokea ujumbe wa watu wanaodhani vinginevyo: kwa hadubini hii hutaona seli ya neva hata moja ya nzi. Kuona seli ndani ya mdudu aliye hai kunataka mwanga maalumu na protini zinazong'aa, kama ile ya kijani ambayo Martin Chalfie aliiwasha ndani ya seli za neva za mnyoo mwaka 1994. Vifaa hivyo si vya laki saba. Unachopata hapa ni tabia. Na tabia si ya kudharauliwa. Seymour Benzer alianza mwaka 1967 kwa mirija ya kioo na taa, akiwatenga nzi wanaokimbilia mwanga na wasiokimbilia. Mwaka 1971 yeye na Ronald Konopka wakapata nzi walioharibikiwa saa ya mwili kwa kasoro ya jeni moja, na mwaka 2017 waliofuatilia jeni hiyo wakapewa Nobeli. Mel Feany na Welcome Bender walipotengeneza nzi mwenye dalili za Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, mwaka 2000, moja ya vipimo ilikuwa ni uwezo wa kupanda ukuta wa chupa. Gonga chupa, nzi waanguke chini, subiri sekunde, hesabu waliovuka mstari. Hicho kipimo wanafunzi wangu wanakifanya kwa kalamu ya wino na saa ya simu.

Swali langu mimi ni la nyumbani: nzi wanaokamatwa kwenye vilabu vya uraka, pombe ya mabibo, na wale wa soko la matunda mjini, je, wanachagua harufu zilezile? Mdudu anayeishi vizazi na vizazi kwenye juisi ya bibo iliyochacha anaweza kuwa na pua tofauti. Nazitenga spishi kwanza kwa hadubini, ndiyo maana mistari ya Zaprionus ilikuwa na maana kwangu kuliko mapambo, halafu nawapa mrija wenye njia mbili, kila moja na harufu yake. Bado nahesabu, sitasema matokeo. Na siku nikitaka kujua harufu hiyo ikiingia inapita wapi, ramani ya ubongo mzima wa nzi jike ipo mtandaoni tangu mwaka 2024, seli 139,255, bure kabisa. Naifungua kwa bando lilelile la wiki. Inagoma kwenye simu, kwenye kompyuta inafunguka taratibu.

Mama mwenye nyumba hakufurahi mwanzoni. "Mwanangu, sisi tunafukuza nzi, wewe unawafuga?" Nikamwonyesha jicho jekundu la nzi kwa mara 45, vile vijicho vingi vimepangana. Akakaa pale mpaka chai ikapoa. Siku hizi ndiye anayeniletea mabibo, ingawa masharti ya chupa kufungwa kwa pamba hayajabadilika.

Matumizi mengine ambayo sikuyatarajia: ngisi. Mwanafunzi mmoja aliuliza Hodgkin na Huxley, wale Waingereza waliopima umeme wa neva ya ngisi, waliwezaje kuchomeka waya ndani ya neva. Nikanunua ngisi Feri alfajiri, nikampasua vazi lake, ile nyama ya nje ya mwili, mbele ya darasa chini ya lenzi ya 0.5x. Fundo la neva lenye umbo la nyota linaonekana, na nyuzi zinazotoka humo pia. Uzi mnene kuliko yote, kwa ngisi wa Atlantiki waliotumiwa na wale mabwana, unafika nusu milimita, mara nyingine karibu milimita 1, na ndiyo maana kazi yao ya mwaka 1952 iliwezekana. Wa kwetu ni mwembamba zaidi ila unaonekana. Baada ya darasa ngisi alikaangwa, sikuona sababu ya kumtupa.

Utunzaji. Hewa ya chumvi na unyevu wa huku ni adui wa lenzi kuliko vumbi. Kuvu huota ndani ya vioo taratibu, na ikishaota hutaifuta. Nafunika kichwa cha hadubini kwa mfuko na vipakiti vile vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Nimeomba kila duka la viatu la mjini, wananijua. Vipakiti vikilowa nabadilisha. Chaja ya taa ilikufa mapema, duka likakataa kuirudisha kwa maelezo kwamba umeme si wao. Nilinunua nyingine kwa fundi redio. Tumia kifaa cha kulinda umeme tangu siku ya kwanza. Kifundo cha kupandisha na kushusha kinalegea, kichwa kinashuka chenyewe, lakini kuna njia ya kukikaza ambayo muuzaji hakuitaja. Zungusha vifundo viwili kwa kupingana, vinakaza.

Kwa wanaoanza: chakula cha nzi ni unga wa mahindi, sukari, hamira, siki kidogo kuzuia ukungu, na agari. Agari ndiyo inauma mfukoni. Mwani unaolimwa pwani yetu hautoi agari, unatoa karajinani, kitu kingine ingawa nacho kinagandisha. Nimeanza kuijaribu, inatoa maji upesi na viluwiluwi vinazama. Mafunzo nayo yapo: TReND in Africa na DrosAfrica wamekuwa wakiendesha kozi za nzi kwa Waafrika, na ni vizuri kufuatilia matangazo yao kabla hujanunua chochote.

Ukienda dukani omba stendi ya nguzo fupi. Ile ya mkono mrefu mafundi wanaipenda kwa sababu ya kuhamahama mezani, lakini ukigusa meza kidogo inatikisika, na kwa mara 45 mtikisiko huo ni tetemeko. Mara ya mwisho nilipopita walikuwa nazo mbili za nguzo. Anza bei na laki sita na nusu.